Wale Watano wa Kartie

Anayetaka kujua kama Burundi imewaingiza watu wake wote katika uongozi huanza kwa kawaida na Bunge, na huko anaikuta hesabu imeshapigwa na Katiba. Wahutu asilimia 60, Watutsi asilimia 40, Watwa viti 3, wanawake wasiopungua asilimia 30. Katika Seneti Wahutu na Watutsi wanagawana nusu kwa nusu. Hesabu hiyo ina mizizi katika Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000, imelipiwa kwa damu nyingi, na siibezi hata kidogo. Lakini mimi ningemwomba mtu huyo ashuke mpaka ngazi ya mwisho: baraza la kilima kwa watu wa mashambani, baraza la kartie kwa sisi wa mjini. Huko wanachaguliwa watu watano tu, kwa miaka mitano, na anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye shefu wa kartie. Mgombea anasimama kwa jina lake, bila tiketi ya chama. Tangu uchaguzi wa kwanza wa aina hiyo mwaka 2005, mizani ya kabila na jinsia inayodaiwa kule juu haikushushwa hadi kwa wale watano.

Hiyo ndiyo ngazi ambayo raia anagonga mlango wake kwa mguu. Anayetaka cheti cha ukaaji anaanzia hapo. Mpangaji aliyefungiwa chumba anakimbilia hapo. Jirani aliyejenga ukuta ukaziba mfereji anaitwa hapo. Nasema hivi kwa kuwa miradi ya uongozi wa jamii na ushirikishwaji wa raia imepita mingi katika nchi hii, na nikiitazama yote naona iliyoacha alama ni ile iliyobebwa na watu wa ngazi hiyo, watu wanaokaa mtaa mmoja na wale wanaowapatanisha. Bado fedha na heshima vinakwenda juu. Nachukua mfano wa Ngagara, kwa sababu Ngagara imepitia mapema yale ambayo Burundi nzima inayaingia sasa.

Wazee bado wanaiita OCAF. Ni jina la ofisi ya Kibelgiji ya kujenga makazi ya Waafrika, iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya Kongo na Ruanda-Urundi, na nyumba zake zilipangwa kwa mistari ng'ambo ya mto Ntahangwa, kaskazini ya mji uliokuwa ukiitwa Usumbura. Kartie zake mpaka leo zinajulikana kwa namba. Ukitoka Ngagara unaingia Cibitoke, au Kamenge, na Kinama haiko mbali. Kabla ya vita mitaa hiyo ilikuwa na soko moja, shule moja, mpira mmoja. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, mitaa ikaanza kupasuka. Ngagara ikabaki mtaa wa Watutsi, Kamenge na Kinama mitaa ya Wahutu. Vijana wa kundi la Sans Échec wakashika barabara upande huu, wengine wenye silaha wakajipanga upande wa pili, na katikati ya 1995 jeshi likaingia Kamenge na kuwatawanya wakazi wake. Kuvuka barabara moja tu kulikuwa kunamgharimu mtu uhai.

Katikati ya mpasuko huo kulikuwa na mlango mmoja ambao haukufungwa. Centre Jeunes Kamenge, kituo cha vijana cha wamisionari Waksaveri, kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya vijana wa mitaa ya kaskazini, na Padre Claudio Marano kutoka Italia alikiongoza kwa miaka mingi. Kilikuwa na maktaba, viwanja, masomo ya lugha na kompyuta, muziki. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood, ile ambayo wengi huita Nobel mbadala, kwa ujasiri wa kuwaonyesha vijana wa makabila yaliyogawanywa na vita kwamba wanaweza kuishi na kujenga pamoja. Tuzo ilitajwa kwa jina la kituo, na ni haki yake. Ila mapadre hawakuwa wao waliovuka barabara usiku kurudi nyumbani. Waliovuka walikuwa vijana wa Ngagara, Cibitoke, Kinama, Gihosha, ambao mtu wa kwao angeweza kuwauliza: mchana kutwa ulikuwa na nani? Kijana aliyejibu swali hilo bila kudanganya, na kesho yake akarudi kituoni, alikuwa anafanya kazi ya uongozi bila cheo chochote.

Kwa viongozi wa juu wa nchi kulikuwa na jitihada nyingine, na hiyo naiheshimu vilevile. Howard Wolpe, aliyekuwa mbunge nchini Marekani na baadaye mjumbe maalumu wa nchi yake katika Maziwa Makuu, alianzisha mafunzo ya uongozi akishirikiana na Warundi, miongoni mwao Eugène Nindorera, aliyewahi kuwa waziri wa haki za binadamu, na Fabien Nsengimana. Walichaguliwa viongozi 95: wanasiasa, wanajeshi, watu wa makanisa na wa vyama vya kiraia, Wahutu na Watutsi. Semina ya kwanza ilikuwa Ngozi, Machi 2003, vita havijaisha.

Kule Ngozi watu wazima wale walicheza mchezo uitwao SIMSOC, uliotungwa na mwanasosholojia William Gamson katika miaka ya 1960. Washiriki hugawanywa katika kanda nne, kila kanda chumba chake. Kanda moja ina kazi, chakula na tiketi za safari. Nyingine haina kitu. Bila tiketi huruhusiwi kutoka chumbani mwako kwenda kwa wenzako, na asiyepata riziki vipindi viwili mfululizo anahesabiwa amekufa, anatoka mchezoni. Mtu aliyezoea kutoa amri anajikuta katika chumba cha wenye njaa, anangoja kuona kama wa chumba cha pili watakumbuka kumtumia tiketi. Hakuna hotuba inayomfundisha mtu kutengwa ni nini kama kukaa katika chumba hicho kwa saa tatu. Mafunzo hayo yakafika pia kwa makamanda wa jeshi na wa waasi waliokuwa wanatafuta namna ya kuunganisha majeshi yao, na jambo hilo la kuunganisha majeshi ni moja ya mambo ambayo Burundi iliyafanya vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Baadaye mbinu zile zikashushwa mpaka vijijini, Gitega na Ruyigi, kwa viongozi wa jamii na wakimbizi waliokuwa wanarudi.

Gitega na Ruyigi. Mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, iliyopasuka vibaya kiasi kile, haikuwamo katika awamu ile ya kushuka chini. Najua mradi hauwezi kwenda kila mahali, na mikoa ile ilikuwa na wakimbizi wengi. Lakini tabia imebaki: mjini tunafundisha wakubwa, mashambani tunafundisha wananchi, na mwananchi wa mjini anadhaniwa ameshajifundisha mwenyewe kwa kuwa anaishi karibu na hoteli zinakofanyikia semina.

Mwaka 2014 sheria ikabadilisha ramani ya Bujumbura. Komini 13 zikafanywa 3: Muha, Mukaza na Ntahangwa. Ngagara, iliyokuwa komini yenye msimamizi wake na baraza lake la kuchaguliwa, ikawa zoni ndani ya Ntahangwa pamoja na Kamenge, Kinama, Cibitoke, Buterere na Gihosha. Kwa upande mmoja ni jambo la maana: mitaa iliyopigana ikawekwa chini ya ofisi moja. Kwa upande mwingine, shefu wa zoni hachaguliwi na wakazi, anateuliwa. Kwa hiyo kwa mkazi wa Ngagara kiongozi pekee aliye karibu naye ambaye alimpigia kura kwa ajili ya mtaa wake ni yule wa kartie na wenzake wanne. Uzito wote wa neno uchaguzi ukawaangukia hao.

Haukupita hata mwaka, ukaja mtihani. Tarehe 25 Aprili 2015 ilitangazwa kuwa Rais Pierre Nkurunziza angegombea muhula wa tatu, na Ngagara ikawa miongoni mwa mitaa iliyoandamana: vizuizi barabarani, matairi yakiwaka, risasi usiku, familia zikikimbia na magodoro kichwani. Oktoba mwaka huo mpiga picha wa televisheni ya taifa aliuawa nyumbani kwake Ngagara pamoja na watu wa familia yake. Desemba kambi ya jeshi ya Ngagara ilikuwa kati ya zile zilizoshambuliwa, na yaliyofuata katika mitaa ya jirani wakazi hawajayasahau.

Mtandao wa wanawake wapatanishi, wanaojulikana kama Abakanguriramahoro, ulikuwa umeundwa Januari 2015 kwa msaada wa UN Women, miezi mitatu tu kabla ya moto kuwaka. Walikuwa 534 katika komini 129 za wakati ule, wastani wa wanne kwa komini. Kwa hesabu iliyotolewa na UN Women, mwaka 2015 peke yake walishughulikia migogoro ya mitaani na vijijini ipatayo 3,000. Mingi ilikuwa ya ardhi na ya ndoa. Mingine ilikuwa ya siasa moja kwa moja: kwenda kuzungumza na polisi kuhusu kijana aliyekamatwa, kuzungumza na vijana kwenye kizuizi, kufuatilia uvumi kwamba mtaa fulani unakuja kushambulia mtaa wa pili na kurudi na habari kwamba hakuna anayekuja.

Hilo la uvumi nalitilia mkazo. Katika Bujumbura ya miaka ile redio binafsi kubwa zilikuwa zimefungwa, baadhi yake zilichomwa moto wakati wa jaribio la mapinduzi la Mei 2015. Habari ilitembea kwa simu na kwa mdomo. Katika hali hiyo mwanamke anayeaminika pande zote mbili za barabara, mwenye namba za simu za wanawake wenzake wa mtaa wa pili, ana nguvu ambayo serikali haina. Nguvu hiyo hainunuliwi kwa semina ya siku tatu. Inatokana na kufiwa pamoja, kukopeshana, kukaa kwenye kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, kwenda kanisa moja au msikiti mmoja, kumjua mtoto wa mwenzako kwa jina. Ulichofanya mradi huo ni kuwakuta wanawake hao walipo, kuwaunganisha, kuwapa mbinu na nauli. Ningependa wanaopanga miradi waisome mistari hiyo ya nauli katika bajeti kwa makini zaidi kuliko mistari ya ukumbi.

Lakini ukaribu una upande wake wa kutisha, na asiyeusema hasemi kweli kuhusu Ngagara. Kila nyumba mjini Bujumbura inatakiwa kuwa na daftari la kaya, tunaloliita kwa Kifaransa cahier de ménage. Ni kitabu kidogo tu. Ndani yake yameandikwa majina ya wanaolala humo: baba, mama, watoto, mpangaji wa nyumba ya nyuma, kijana wa kazi za ndani, mgeni aliyekuja kutibiwa. Kiongozi wa eneo anakijua na anakithibitisha. Mwaka 2015 na iliyofuata polisi walipozunguka kupekua walilidai daftari, na ambaye jina lake halikuwamo alikuwa na kesi ya kujibu papo hapo. Daftari lilelile likiwa mikononi mwa shefu mwema linamwonyesha nani mjane, nani hana mtu, nyumba ipi ipewe chandarua. Likiwa mikononi mwa mtu anayepeleka majina, linakuwa jambo lingine kabisa. Karatasi haibadiliki. Anayebadilika ni mtu, na ndiyo maana nasisitiza tuwatazame watu.

Nitakachosema kuhusu vyama kitawaudhi baadhi ya wasomaji. Mgombea wa kartie anasimama bila chama kwa mujibu wa sheria, lakini kila jirani anajua anatoka wapi. Katika uchaguzi wa Juni 2025 chama tawala cha CNDD-FDD kilitwaa viti vyote 100 vya Bunge vilivyogombewa. Mizani ya makabila ilitimia, ya wanawake ilitimia, na maoni yakabaki ya aina moja. Katiba ya 2018 iliipa Seneti miaka mitano kutathmini mgao wa kikabila, uendelee au ukome, na mjadala huo umeanza. Kwa maoni yangu mjadala unapungukiwa kitu kikubwa ukiishia kuuliza kama Mtutsi ana kiti. Uulize pia kama Mtutsi, Mhutu au Mtwa mwenye mawazo tofauti na chama anaweza kuchaguliwa kuwa mmoja wa wale watano, akafanya kazi kwa amani, na wenzake wanne wakamsikiliza. Ngagara ingekuwa mahali pazuri pa kupima hilo, kwa sababu ina watu wa mawazo yote.

Wako pia wasioingia katika hesabu yoyote. Mpangaji anayehama kila mwaka. Vijana waliotoka Kirundo au Muyinga kufanya kazi za ndani, ambao kartie inawajua kama jina tu ndani ya daftari. Mtu mwenye ulemavu: Burundi iliridhia mkataba wa kimataifa mwaka 2014 na ikapata sheria yake yenyewe Januari 2018, lakini kikao cha mtaa bado kinaitishwa mahali pa kupanda ngazi, na asiyesikia anaambiwa na jirani yake baada ya uamuzi kupita. Watwa walipata waziri wa kwanza, Imelde Sabushimike, mwaka 2020, na furaha yetu siku ile ilikuwa ya kweli. Watwa wa Bujumbura bado wanahesabika kwa vidole katika mabaraza ya kartie. Wanawake, baada ya miaka 20 ya chaguzi za vilima na kartie, wamebaki wachache sana miongoni mwa mashefu, kwa sababu pale sheria inaponyamaza desturi inasema kwa sauti.

Ningefanya nini kama ningepewa mradi? Ningeacha kwanza kuwachagua watu kwa Kifaransa chao. Orodha za semina za mji huu zina majina yaleyale tangu mwaka 2005, watu wema wengi wao, wanaojua kuandika ripoti na kujaza fomu ya posho. Mama muuza ndagala wa soko la Cotebu, hapa Ngagara, anayeamua ugomvi wa meza za biashara tangu soko kuu lilipoungua Januari 2013 na wafanyabiashara wakamiminika upande wetu, hayumo katika orodha hizo. Ana Kirundi na Kiswahili, na watu wanamtii. Huyo ndiye mshiriki ninayemtaka, na mafunzo yafanyike kwa lugha anayogombania bei.

Pili, ningewaunganisha watu wa ngazi hiyo wasipigane vikumbo. Sasa hivi kartie moja ina baraza la watano, ina wazee wa mtaa, abahuza, waliorudishwa na sheria ya 2021 na kuchaguliwa mwaka 2022 ili wapatanishe kabla kesi haijafika mahakamani, ina bashingantahe, wapatanishi wa jadi, ambao sheria imewaweka pembeni ila watu bado wanawaendea, ina nyumbakumi, ina wanawake wapatanishi. Mwananchi mwenye ugomvi wa mpaka anaweza kusikilizwa mara tano na kupata hukumu tano. Mafunzo ya kila kundi peke yake, na kila mfadhili na kundi lake, yanazidisha mkanganyiko. Wakae chumba kimoja, waitwe kwa jina la kartie yao, wagawane kazi kwa maandishi.

Tatu ni ulinzi wao, na hapa fedha haisaidii. Mpatanishi anayekwenda kituo cha polisi kumwulizia kijana wa jirani anahitaji kujua kwamba kesho hataulizwa yeye. Zoni na komini ziseme hadharani, mbele ya polisi na mbele ya vijana wa chama, kwamba mtu huyu anafanya kazi inayotambuliwa. Jumamosi ya kazi za pamoja ni nafasi nzuri ya kulisema hilo, watu wote wakiwa barabarani na majembe.

Haya yote yamekuwa ya haraka zaidi tangu 2025. Sheria ya 2023 imepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42. Yaliyoipata Ngagara zaidi ya miaka 10 iliyopita yameipata nchi nzima: mkulima aliyekuwa na ofisi ya komini umbali wa kutembea sasa anaitafuta mbali, na viongozi wa kuchaguliwa waliobaki karibu naye ni watano wa kilima chake. Watahitajika wakufunzi wa kwenda kuwaandaa. Ngagara inao. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1993 na akavuka barabara kwenda Centre Jeunes Kamenge amepita sasa miaka 50. Ameishi bila komini yake tangu 2015, ameona daftari likitumika vizuri na vibaya, anajua shefu wa zoni anamsikiliza nani na saa ngapi. Watu kama huyo wapelekwe Kayanza, Makamba, Cankuzo, wawili wawili, mmoja wa Ngagara na mmoja wa Kamenge, wakae wiki mbili kilimani pamoja na wale watano, na nauli yao ilipwe kabla hawajaondoka.